Msiba Uko Kagera, Makaburi Yako Igoma

Mgeni akifika Mwanza, mwenyeji wake ana ratiba inayojulikana: picha kwenye jiwe la Bismarck, machweo ya Capri Point, sato wa kuchoma jioni, na siku hizi safari ya Kigongo kuliona Daraja la Magufuli. Ni ratiba nzuri. Lakini kwa miaka yote niliyoishi katika jiji hili sijamsikia mwenyeji akimwambia mgeni wake, "Kesho twende Igoma, nikakuonyeshe walipolala watu wa MV Bukoba."

Kufika kwenyewe si kazi. Unapanda daladala la Igoma, unaifuata barabara ya Musoma, unapita Buzuruga, unapita Nyakato, na kabla ya Kisesa umeshashuka. Ukimwambia konda akushushe kwenye makaburi ya MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria mwaka 1996, kama ni mtu mzima atakuelewa mara moja, na huenda akapunguza sauti. Kama ni kijana atamgeukia dereva: "Eti makaburi ya nini?" Simlaumu. Alipozaliwa, meli ilikuwa imeshakaa chini ya maji miaka mingi.

Unachokikuta ni safu za makaburi ya saruji, mnara wa kumbukumbu, na nyasi. Nyasi za pale zina kalenda yake. Ikikaribia tarehe 21 Mei zinafyekwa, panafagiliwa, yanaletwa maturubai na viti. Wanakuja viongozi wa serikali, mashehe, mapadri na wachungaji, wanakuja manusura na wafiwa, yanawekwa mashada, zinasomwa dua na sala. Nimehudhuria, na nasema kwa moyo wangu wote kwamba ni siku ya heshima. Kisha maturubai yanafungwa. Zikifika mvua za vuli nyasi zimefika magotini, mbuzi wanajilisha kati ya safu, na daladala zinapita barabarani zikipiga honi kama kawaida. Siku ya kawaida ukisimama pale nusu saa, huenda asipite mtu mwingine aliyekuja kwa ajili ya makaburi.

Nimejiuliza sana kwa nini. Watu wa Mwanza si watu wasiojali wafu. Msiba ukitokea mtaani kwangu, sufuria zinakuja zenyewe, watu wanalala nje siku tatu. Jibu nililolifikia ni hili: wenye msiba hawaishi hapa. Wengi wa waliozikwa Igoma walipandia meli Bukoba na Kemondo, mkoani Kagera. Waliowalilia wako ng'ambo ya ziwa. Jiji lilipewa kaburi la watu wa mkoa mwingine, likawazika kwa heshima, na baada ya hapo hakubaki mtu wa karibu wa kupita pale kila siku.

Asiyetoka kwetu hawezi kujua uzito wa jambo hili, kwa hiyo naomba nieleze. Sisi Wahaya, watu wa Kagera, mtu wetu tunamzika kwenye kibanja, shamba la nyumbani. Kaburi linakuwa hatua chache kutoka mlangoni, katikati ya migomba na mibuni. Mama akienda kukata ndizi anapita hapo. Mtoto akimfukuza kuku anapita hapo. Anayepalilia migomba anapalilia na kaburi. Marehemu hahitaji kutengewa siku yake, maana haipiti siku bila watu wa nyumbani kumwona alipo. Sasa chukua mamia ya watu waliotegemea kulala namna hiyo, uwalaze kando ya barabara ya Musoma, mwendo wa usiku mzima wa maji kutoka nyumbani. Hawakuwa Wahaya peke yao, mlikuwamo watu wa makabila mengi na wa nchi nyingine. Lakini kila mmoja wao alikuwa na mahali pake, na hakuna ambaye mahali pake palikuwa Igoma.

Mmoja wao, kadiri tunavyoamini nyumbani, ni mjomba wangu, mdogo wake mama aliyemfuata kuzaliwa.

Mjomba alikuwa mfanyabiashara wa ndizi. Alikuwa anakusanya mikungu vijijini upande wa Muleba, anaishusha Kemondo kwa gari la kukodi, anaipakia melini, na asubuhi yuko Mwanza anauza. Wakati ule barabara ilikuwa vumbi na mashimo, safari ya gari ilikuwa mateso, na mzigo wa ndizi ungeiva njiani. Meli ndiyo ilikuwa barabara yetu. Watu waliitumia kwenda hospitali ya Bugando, kwenda shule, kwenda kuoa, kurudisha maiti nyumbani. Unapanda jioni, unalala ukiwa umejiegemeza kwenye mzigo wako, unaamshwa na miamba ya Mwanza. Mjomba alisafiri daraja la tatu sikuzote. Alikuwa na uwezo wa kulipia daraja la pili, lakini alisema hawezi kulala mbali na ndizi zake.

MV Bukoba ilikuwa mali ya Shirika la Reli Tanzania, imeundwa mwishoni mwa miaka ya 1970, yenye uwezo wa kuchukua abiria 430. Jioni ya Jumatatu tarehe 20 Mei 1996 iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikaongeza watu na mizigo. Asubuhi ya Jumanne tarehe 21, watu wakiwa wameanza kufunga mizigo yao tayari kwa kushuka, ikalala ubavu, ikapinduka tumbo juu.

Kinachofuata ndicho kinachotuuma zaidi, na ndicho kinachosimuliwa zaidi kwetu. Meli haikuzama papo hapo. Ilielea ikiwa imepinduka, kitako kikiwa juu ya maji, na baadhi ya waliotoka walikaa juu ya kitako hicho wakisubiri msaada. Ndani mlikuwa bado mna hewa, na mlikuwa bado mna watu. Walikuwa wanagonga. Waliokuwa juu waliwasikia, na waokoaji walipofika nao waliwasikia. Ukaamuliwa utobolewe mlango kwenye bati la meli ili watolewe. Tundu lilipopatikana, hewa iliyokuwa inaibeba meli ikatoka kwa tundu hilo, na MV Bukoba ikashuka chini, mita 25 za maji, pamoja na waliokuwa wakigonga.

Sijawahi kumsikia mtu wa Kagera akisimulia habari hiyo bila kugonga kitu chochote kilicho karibu naye, meza au ubao wa kiti. Mama yangu hugonga goti lake.

Sitaki kuwahukumu waliotoboa. Walisikia binadamu wanagonga, wakataka kuwatoa. Hasira yangu iko kwa yale yaliyotangulia tundu: meli iliyokuwa na matatizo ya uwiano, ya kukaa wima majini, ikaendelea kupakiwa, na nchi yenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika isiyokuwa na wazamiaji wake wala vifaa vya kuokoa vilivyo tayari. Ilibidi waje wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini kusaidia kuitoa miili. Fikiria umbali huo, kisha fikiria muda.

Rais Benjamin Mkapa, aliyekuwa na miezi sita tu madarakani, alitangaza siku tatu za maombolezo. Nilikuwa darasa la tatu. Nakumbuka Radio Tanzania Dar es Salaam ikipiga nyimbo za huzuni mfululizo, na wazee wamekaa kimya kuizunguka redio ya betri kwa jirani, wakisubiri majina. Tume iliundwa chini ya Jaji Robert Kisanga. Maofisa 9 wa Shirika la Reli wakashtakiwa. Hayo yote yameandikwa na yanapatikana kwa anayetaka kuyasoma.

Mama alikuja Mwanza kumtafuta mdogo wake. Alikuja kwa lori, kwa kupitia Biharamulo, kwa sababu aliapa hatakanyaga meli tena, na kiapo hicho amekitunza mpaka leo. Miili ilikuwa imelazwa Uwanja wa Nyamagana ili ndugu waitambue. Anasema alianza kwa kutazama nyuso, na siku zilivyosogea nyuso zikawa hazitazamiki tena, akaanza kutazama nguo, mikanda, viatu. Mjomba alikuwa na kovu la panga kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto, kovu la kukata mikungu. Mama alikagua vidole gumba vya watu asiowajua mpaka askari mmoja akamwambia kwa upole, "Mama, nenda kapumzike, utaugua." Alipokelewa na familia ya Kisukuma ya Kirumba ambayo hakuwahi kuiona kabla, wakamlaza na kumlisha kama dada yao. Kwa hiyo simruhusu mtu yeyote kuniambia kwamba Mwanza haikujali. Mwanza ya mwaka 1996 ilijali sana.

Hakumpata. Waliobaki bila kutambuliwa walizikwa Igoma, naye akarudi nyumbani mikono mitupu. Babu akaamua kuzika kipande cha mgomba kwenye kibanja, mahali ambapo mjomba angelala, akasema, "Tumemzika." Kwa hiyo mjomba ana makaburi mawili: moja lenye mgomba ndani yake, ambalo linapaliliwa kila msimu, na jingine ambalo huenda lina mwili wake, na hatulijui ni lipi kati ya yale ya Igoma.

Nafika sasa kwenye jambo lililonisukuma kuandika.

Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443. Orodha hiyo peke yake ilishaupita uwezo wa meli nzima. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Watu waliolipa kidogo kuliko wote, waliokuwa wengi, waliokaa chini na mizigo yao, hakuna aliyewaandika. Walikata tiketi wakapanda. Ndiyo maana ukisoma habari za ajali hii unakuta hesabu zinazotofautiana kwa mamia, kuanzia mia tano na kitu mpaka 1,000. Hesabu hizo zinapishana kwa watu wazima wenye watoto, mashamba na madeni, na pengo lote hilo ni la daraja la tatu. Ni kina mjomba.

Na kuna kinachoniuma zaidi ya hapo. Ukitafuta habari za MV Bukoba katika maandishi ya nje, mara nyingi utakuta imetajwa kwa sababu ya abiria mmoja: Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri aliyekuwa mtu wa pili katika uongozi wa al-Qaeda. Alikuwamo melini, akitumia jina lisilo lake, akafa. Wenzake walituma watu mpaka huku ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa. Miaka mitano baadaye, katika kesi ya New York ya milipuko ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam ya mwaka 1998, kifo chake kilitolewa ushahidi mahakamani. Kwa hiyo kati ya watu wote waliokufa asubuhi ile, aliyefuatiliwa zaidi, aliyeulizwa zaidi, aliyeandikwa zaidi, ni mtu aliyepanda kwa jina la uongo. Mjomba alipanda kwa jina lake halali, alilobatizwa nalo Rubya, na halimo popote.

Nafundisha historia sekondari hapa Mwanza. Mwaka mmoja niliwauliza wanafunzi wa kidato cha pili nini kilitokea tarehe 21 Mei 1996. Walijua tarehe za vita vya Majimaji, walijua mkutano wa Berlin, walijua Azimio la Arusha. Mikono iliyoinuka ilikuwa michache sana, na shule yetu iko mwendo wa daladala moja tu kutoka Igoma. Mtoto mmoja wa kike alibaki darasani wenzake walipotoka. Akaniambia, "Mwalimu, bibi yangu mzaa baba alikufa kwenye hiyo meli. Alikuwa mama ntilie hapa bandarini. Alikwenda Bukoba kufuata kahawa na maharage." Nikamuuliza jina lake. Akasema hajui, nyumbani wanamwita Bibi tu, atamuuliza baba. Kesho yake alinijia na jina kamili kwenye kipande cha karatasi, mwandiko wa baba yake, limeandikwa kwa herufi kubwa.

Nikanunua kaunta buku. Nikalichora mistari: jina, kijiji, alipandia wapi, alikuwa anakwenda kufanya nini, nani anamkumbuka. Nilianza na ndugu, kisha majirani wa nyumbani, kisha jumuiya ya Wahaya waishio Mwanza, kisha wazee wa misikiti na makanisa. Namna majina yanavyokuja inanishangaza. Hayaji kama majina. Yanakuja kama safari ambazo hazikufika. Mama wa Kamachumu aliyekuwa anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua, amebeba ndizi za uji na blanketi la mtoto. Kijana wa Kanyigo aliyekuwa anarudi chuoni na nauli aliyochangiwa na ukoo. Fundi cherehani wa Bukoba mjini aliyefuata vitambaa. Mzee aliyekuwa na miadi Bugando kwa ajili ya macho. Ukikaa na mtu akakueleza alichokuwa amebeba marehemu, ujue bado anambeba.

Safu ya "alikuwa anakwenda kufanya nini" sikuipanga kwa makusudi makubwa, niliiweka tu, lakini sasa naiona ndiyo yenye maana kuliko zote. Idadi ya waliokufa tunabishana nayo miaka yote. Blanketi la mtoto halina ubishi.

Kuna wanaoniambia kwamba nimechelewa, kwamba ilipaswa ifanyike wakati ule. Nawaonyesha Zanzibar. MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, hesabu iliyotangulia ilikuwa ya miili iliyoonekana, watu mia mbili na ushee. Baadaye hesabu ya tume ikaweka na wasioonekana, na idadi ikapanda kupita 1,500. Idadi ile inatisha, lakini angalau aliyepotea baharini bila mwili kuonekana amehesabiwa kuwa amekufa, na familia yake haiambiwi kwamba hakuwamo. Inawezekana, basi, kumhesabu mtu ambaye bahari haikumrudisha.

Nawaonyesha pia Ukara, kisiwa cha ziwa letu hili. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, kilikuwa na uwezo wa watu 101, na waliokufa ni 228. Hesabu hizo mbili zikikaa pamoja, huhitaji tume kukueleza. Nilipozisikia nilikaa chini jikoni nikashindwa kusimama, kwa sababu ilikuwa ni Bukoba tena: ziwa lilelile, chombo tumbo juu, watu waliozidi, orodha isiyokuwepo. Lakini kulikuwa na tofauti mbili. Ya kwanza, siku mbili baada ya ajali wazamiaji walimkuta mhandisi wa kivuko akiwa hai, ndani, mahali palipobaki hewa, wakamtoa. Mama alipoiona habari ile kwenye televisheni alilia kilio ambacho sijawahi kumwona akilia hata siku ya mazishi ya babu. Hakusema neno. Alikuwa anagonga goti.

Tofauti ya pili ni ya makaburi. Watu wa Ukara walizikwa Ukara. Na fedha za rambirambi zilijenga kituo cha afya hapo Bwisya, ambapo leo wanajifungulia kina mama wa kisiwa kilekile kilichofiwa. Kumbukumbu yao iko mikononi mwao. Wa Igoma hawakupata bahati hiyo, na kosa si la Ukara wala la Igoma. Ila nadhani tukishaona tofauti hii tunajua kazi ni ipi: kuwaleta wenye msiba karibu na makaburi yao, kama si kwa miguu basi kwa majina.

Tangu Juni 2025 basi la kutoka Bukoba halisubiri tena kivuko pale Busisi. Linapanda Daraja la Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na mtu aliyesinzia anaweza asijue kwamba amevuka ziwa. Nimelipita daraja lile na nililishukuru. Mama amelipita pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1996 kuja Mwanza bila kuyakanyaga maji wala kuzunguka mbali, na alifumbua macho njia nzima. Lakini naona pia kwamba kizazi kinachokuja kitasafiri kati ya Bukoba na Mwanza bila kujua kwamba babu zao walipita juu ya maji. Meli zipo bado, MV Victoria ilikarabatiwa na inasafiri, meli mpya kubwa ya MV Mwanza iliteremshwa ziwani Februari 2023. Ila meli haitakuwa tena barabara yetu ya pekee, na mtu asiyeitegemea meli haulizi habari za ile iliyozama.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na naomba kwa sauti.

La kwanza ni ukuta wa majina pale Igoma. Usisubiri orodha ikamilike, kwa sababu haitakamilika. Waandikwe wanaojulikana leo, na sehemu kubwa iachwe wazi kwa makusudi, ili mtu akija kutoka Izimbya au Nshamba na jina la baba yake, lipate pa kukaa. Na majina hayohayo yawe na nakala Bukoba na Kemondo, gatini, mahali walipopandia, ili mtu wa Kagera asilazimike kusafiri usiku kucha ili ajue kama mtu wake ameandikwa.

La pili linawahusu walio hai, na ndilo dogo kwa gharama. Kila anayepanda chombo katika ziwa hili aandikwe jina, hata mwenye tiketi ya chini kabisa, hata mtoto wa mgongoni, hata aliyedandia dakika ya mwisho na kuku wawili. Ukipanda na ukaona hujaandikwa, simama pale mlangoni uombe kuandikwa. Utaonekana msumbufu. Nami huonekana msumbufu kila ninapokwenda Ukerewe, na nimekuta abiria wengine wakijipanga nyuma yangu ili nao waandikwe.

Kwa wewe uliye Kagera au uliyetoka huko: mwenye jina, niletee. Niandikie kama lilivyotumika nyumbani, la ubatizo au la Kiislamu, pamoja na la ukoo, kijiji, mahali alipopandia, na kilichompeleka Mwanza. Kama hulijui lote, nipe nusu. Mama aliponiona naanza kuandika mjomba kwenye ukurasa wa kwanza alinizuia. Alisema mjomba hakusafiri peke yake, alikuwa na vijana wawili wa kumshushia mikungu, nao pia hawakurudi, na kwao hakuna aliyekuja Nyamagana kuwatafuta. Kwa hiyo mistari miwili ya kwanza ya daftari langu ni yao. Mmoja tunalo jina lake la utani tu, alilopewa kwa sababu ya wepesi wake wa kupanda gari likiwa linatembea. Mwingine tunajua kwamba alitoka upande wa Karagwe na kwamba alikuwa na mdogo wake wa kike aliyekuwa anasoma Bukoba mjini. Likizo ya mwezi wa sita nakwenda Kemondo kuwauliza wazee waliokuwa wakipakia ndizi gatini wakati ule. Kama mdogo wake huyo anasoma hapa, ajue kwamba kaka yake tunamtafutia jina.